Aqal Uani, Kizuizi Langoni

Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, hapa kaunti ya Garissa, walimu wasio wenyeji walianza kuondoka. Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na shule nyingi zikabaki na madarasa yasiyo na mtu mbele yake. Kabla pengo hilo halijazibwa, Machi 15 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zote nchini zifungwe kwa ajili ya korona. Wanangu watatu wakawa wanafunzi wangu: kifungua mimba wa darasa la saba, wa kati wa Gredi ya 4, na kitinda mimba aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kushika penseli. Baba yao alikuwa Nairobi kikazi. Jiji lilipofungwa Aprili 6, akabaki huko hadi Julai. Hapa mtaani Bula Iftin tukawa mimi, watoto, mbuzi, na mavyaa wangu ambaye nyumba nzima humwita Ayeyo, yaani nyanya.

Hesabu na Kiingereza tulizimudu. Historia ndiyo iliyonikosesha usingizi. Vitabu tulivyokuwa navyo ndani vilieleza Wareno na Waarabu wa pwani, reli ya Uganda, Mau Mau na mikutano ya Lancaster House. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na nilifurahi kuwaonyesha wanangu mji wa babu zao wa upande wa mama kwenye ramani. Lakini upande wa baba yao, ardhi hii waliyokanyaga tangu walipozaliwa, ulikuja na picha ya ngamia na maelezo mafupi ya ufugaji wa kuhamahama. Kifungua mimba akaniuliza: "Hooyo (mama), mambo haya yote yakitokea, watu wa huku walikuwa wapi?" Swali la namna hiyo halitoshi kujibiwa kwa kusoma tu. Nikaamua tujenge kitu, tuone mikono itatufikisha wapi.

Tulianza na aqal, nyumba ya mfugaji wa Kisomali, ile inayofunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa tena pale penye malisho. Nilijua machache: kwamba ni kazi ya wanawake na nyumba yenyewe ni mali ya mwanamke, kwamba mifupa yake ni fito zilizopindwa upinde, kwamba juu hufunikwa mikeka na ngozi. Ayeyo alituona tukikusanya vitu, akatazama, akaendelea na uradi wake. Hakusema neno.

Fito tulizipata kwa urahisi kwa sababu mti wa mathenge umejaa kila mahali, kando ya barabara, kwenye mifereji, hadi ukingo wa mto Tana. Watoto wakakata matawi mabichi, wakarudi na miiba viganjani, na nikamaliza jioni nzima na sindano na chumvi. Siku iliyofuata tukayapinda, tukayafunga kwa kamba ya nailoni, tukatandaza juu mikeka ya mkoma niliyoinunua soko la Suqmugdi. Nyumba ikasimama. Kitinda mimba akaingia na mto wake, akatangaza kwamba hatoki tena.

Usiku wa manane tulisikia mlio uani, kisha mwingine, kisha kishindo. Matawi ya mathenge yalikuwa yanajinyoosha. Fundo moja lilipoachia, mengine yakafuata, na nyumba yote ikafumka na kurusha mikeka juu ya banda la mbuzi. Mbuzi, kwa upande wao, hawakungoja asubuhi. Kulipopambazuka mikeka miwili ilikuwa imebaki pindo.

Ndipo Ayeyo alipovunja kimya. Akaokota tawi, akalivunja kwa goti, akawaambia watoto: "Mti huu ni mdogo kuliko mimi. Nilipokuwa msichana haukuwapo hapa. Mtajengaje nyumba ya nyanya yangu kwa mti ambao nyanya yangu hakuujua?"

Kauli hiyo ilinipa somo la siku kadhaa. Mathenge uliletwa Kenya katika miaka ya 1970, ukapandwa baadaye katika sehemu kame, zikiwemo skimu za umwagiliaji za Bura na Hola huko chini ya mto, ili kuzuia jangwa na kupata kuni. Ukakubali ardhi kupita kiasi. Watoto walikuwa wanauona kama sehemu ya dunia, sawa na mchanga na jua. Sasa wa kati akawa haachi kuuliza umri wa kila kitu: daraja lina miaka mingapi, mwembe wa jirani, barabara ya lami. Kwangu huo ndio mwanzo wa historia, mtoto akishatambua kwamba alivyovikuta vililetwa na mtu, mwaka fulani, kwa sababu fulani.

Tukarudia kujenga, fito nyingine, kamba mara mbili, na turubai badala ya mikeka. Kwa turubai lile tukaongea kuhusu Dadaab, kambi zilizo kama kilomita 100 kutoka hapa, zilizofunguliwa mwaka 1991 na 1992 vita vya Somalia vilipowafukuza watu. Wakimbizi wengi walijisitiri chini ya umbo hili hili, matawi yaliyopindwa na kufunikwa turubai na vitambaa. Kila mmoja wa wanangu ana jamaa aliyepitia huko, na hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba hiyo nayo ni historia.

Wakati huo kifungua mimba alikuwa na mradi wake. Nilimweleza kwamba mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifanya Wilaya ya Mpakani Kaskazini, iliyojumuisha huku kwetu, kuwa eneo lililofungwa: huingii wala hutoki bila kibali. Na mwaka 1934 ikatungwa sheria nyingine iliyowapa maofisa mamlaka ya kuamua kabila gani lilishe wapi. Nikamwambia pia kwamba uhuru haukuondoa mambo haya yote. Desemba 1963, majuma mawili baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa huku kwa sababu ya vita vya shifta, na sheria zake zilikaa hadi 1991. Akasikiliza, akanyamaza, akaomba boksi la maandazi.

Kutokana na boksi lile alikata kadi. Kila mtu wa nyumbani akapewa yake: jina, ukoo, eneo la malisho. Yangu iliandikwa "Lamu, mgeni, kibali cha siku saba." Langoni akafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akamweka kitinda mimba askari, na amri ikawa hapiti mtu bila kadi. Mimi nilipita kwenda dukani kwa kuonyesha. Ayeyo alikataa katakata. Alisimama mbele ya ile kamba, uso umebadilika, kisha akageuka na kurudi chumbani. Nilifikiri amechoshwa na mchezo.

Asubuhi hiyo muuza maji alikuja na mkokoteni wake wa punda, mitungi ya lita 20 imepangwa safu. Punda huyo huingia kwetu kila mara bila kuongozwa. Akaja kwa mwendo wake wa kawaida, akakutana na kamba kifuani. Kitinda mimba akainua mkono na kupiga kelele, "Kadi!" Punda akashtuka, akarudi nyuma, akapata nguvu, akapita na kamba pamoja na nguzo moja ya lango. Mkokoteni ukamfuata kwa kupinda, ukaingia moja kwa moja katika aqal. Fito zikavunjika, mitungi ikapasuka, maji yakatapakaa uani, turubai likamfunika punda kichwa naye akalizungusha ua mzima, mbuzi wakiruka ukuta. Namshukuru Mungu kitinda mimba alikuwa amekwisha kurukia kando. Muuza maji, mzee wa makamo, alimtuliza mnyama wake kwa kumsemesha taratibu na kumfunika macho kwa kanga yangu iliyokuwa imeanikwa.

Nilikwenda kumtaka radhi na kumlipa maji na mitungi. Akapokea pesa, lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye kadi za boksi zilizolowa. Akaokota moja. "Nani amewafundisha hawa?" akauliza. Nikamweleza. Akaingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa karatasi ya nailoni iliyokunjwa, na ndani yake kadi ya rangi ya waridi, kingo zimelika, picha ya kijana mwembamba.

"Hii," akamwambia kifungua mimba, "ndiyo ile ya kweli."

Mwishoni mwa 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya waliotimiza umri wajitokeze kuhakikiwa. Wazee waliteuliwa kuthibitisha nani ni Mkenya na nani si. Aliyepita alipewa kadi hiyo ya waridi, aibebe pamoja na kitambulisho chake cha taifa. Mkenya wa jamii nyingine hakuhitaji. Mzee huyu alisema bado anaibeba. Hawezi kutoka nyumbani bila hiyo, hata kama hakuna tena anayeiulizia.

Ayeyo alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia ndani, tukasikia kifuniko cha sanduku, akatoka na yake. Zikawekwa mbili juu ya mkokoteni, na kadi ya boksi katikati. Kifungua mimba hakusema kitu. Alikwenda langoni akaifungua kamba iliyobaki, akaikunja.

Tangu siku hiyo kazi ya kufundisha ilihamia kwa Ayeyo. Alituma ujumbe kwa dada yake anayeishi upande wa Balambala, na baada ya siku chache pikapu ikaleta fito za kweli, nyembamba, nyeusi kwa moshi, zilizopindwa na kukaushwa zikiwa katika upinde huo tangu zamani, urithi wa mama yao. Fito hizo hazijinyooshi. Alitufundisha kuzichimbia, kuzikutanisha juu, kufunga kwa kamba ya magome, na kwa nini mlango uangalie upande ambao upepo hautoki. Alionyesha jinsi mikeka inavyotandikwa kwanza mgongoni mwa ngamia kama tandiko, fito zikapandishwa juu yake, na mtoto mchanga na ndama dhaifu wakapata nafasi humo humo. Wa kati alipima kila fito kwa rula na kuchora. Mchoro ule ni bora kuliko picha yoyote niliyoiona kitabuni.

Akiwa amekaa ndani, mgongo umeegemea fito za mama yake, alisimulia mwaka 1966. Alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi. Serikali iliamuru wafugaji wakusanyike katika vijiji vilivyolindwa na askari. Aqal ya mama yake ilisimamishwa katika safu pamoja na nyingine, na ikakatazwa kuhama. "Nyumba hii haikuumbwa kukaa," alisema. "Ikikaa, malisho yanaisha, kupe wanajaa, maziwa yanakauka." Ngamia wao wakaisha humo, na baba yake akawa mtu wa kuomba. Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilipatana Arusha kuhusu vita hivyo vya shifta, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi, lakini mwenye kuondoka kijijini hakuwa na mnyama wa kumpakia nyumba. Ndivyo familia hii ilivyofika Garissa mjini. Mume wangu mwenyewe hakuwa anajua hivyo; alidhani walikuja kwa biashara.

Kisha akafikia Novemba 1980 na Bulla Kartasi, mtaa uliochomwa na vikosi vya usalama baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, na watu wakawekwa siku tatu katika uwanja wa shule ya msingi bila chakula wala maji. Hapo nilimtoa kitinda mimba nje. Nilimwacha kifungua mimba asikilize, kwa kuwa alikwisha kuuliza na ana haki ya kujibiwa na aliyekuwapo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika haya katika ripoti yake ya Mei 2013, pamoja na mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Nilimsomea baadhi ya kurasa. Zilikuwa nzito, lakini alikwisha kulala ndani ya aqal na kuwa na kadi yake mwenyewe, na alijua anachosoma.

Baba yao aliporudi Julai alikuta lango limebaki na nguzo moja, kuna nyumba ndani ya ua wake, na mama yake ameketi ndani akifundisha. Alivua viatu akaingia, akakaa na watoto. Oktoba 12 wa kati alirudi shuleni na Gredi ya 4, wengine Januari 4, 2021. Mwalimu wa kifungua mimba aliomba mchoro wa aqal ubandikwe darasani, na umebandikwa. Fito zimerudi Balambala kwa mwenyewe.

Kadi za waridi ndizo zinazonitia wasiwasi. Wenye kuzihifadhi wanazeeka, na nimesikia wajukuu wakizitupa pamoja na karatasi za dawa wakati wa kufagia baada ya msiba. Kama unayo nyumbani, ya mama, ya babu au ya shangazi, usiitupe. Itie katika bahasha kavu, muulize mwenyewe angali hai aliipataje na alisimama foleni wapi, uandike majibu nyuma ya bahasha hiyo hiyo, na watoto wawepo wakati anajibu.