Zabuni, Bawaba na Stika
Mwaka 2013 muungano wa kisiasa wa Jubilee nchini Kenya uliwaahidi watoto wa darasa la kwanza vipakatalishi. Zabuni ikapewa kampuni ya Olive ya India. HP na Haier wakalalamika, na mwaka 2014 zabuni ikafutwa kwa kuwa mshindi hakuwa mtengenezaji. Kuanzia 2016 zikaja tabuleti.

Huko Tawa, Makueni, mtoto yule wa ahadi keshaota ndevu na anajitafutia kipakatalishi mwenyewe. Anauliza RAM, anauliza bei. Habari za bawaba hana. Mashine mpya ya bei nafuu inang'aa, ila kifuniko ni plastiki inayonesa ukikishika pembeni. ThinkPad ya mtumba, ex-UK, ina sura ya karani mstaafu, lakini skrubu zake zafunguka na kibodi hubadilishwa.

Atachukua inayong'aa. Ina stika nyingi zaidi.