Mwenye Taa Moja

Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria ya kumiliki sehemu za jengo: wamiliki wawe na chama, wachangie ngazi, paa na mabomba ya pamoja. Inawafaa wenye maghorofa ya Dar es Salaam. Sisi wapangaji wa nyumba za uani hapa Soweto, Mbeya, katiba yetu ni fupi: mita moja ya umeme wa LUKU, ya kuchangia wote.

Mchango wa umeme ukiitishwa, jirani yetu hukumbusha kuwa yeye ana taa moja tu. Kweli kabisa. Taa hiyo ndiyo inayopiga pasi, ndiyo inayochemsha maharage, na baridi ya Julai ikishuka kutoka mlima Loleza, ndiyo inayopasha maji ya kuoga. Uniti zikiisha usiku, yeye ndiye wa kwanza kupaza sauti: “Jamani, nani kamaliza umeme?”

Zamu ya kuosha choo nayo ikimfikia, hupata msiba. Wiki hii Tukuyu, ile Chunya. Ukoo wake unakwisha kwa ratiba.

Dawa ipo: mita ndogo kwa kila chumba, kila mtu alipe alichotumia. Tulipopiga kura, aliyekataa alikuwa mmoja tu. Mwenye taa moja.