Jinsi ya Kuganda Mshipani: Mwongozo kwa Kimelea Anayeanza Maisha

Hongera. Umetemwa na mbu jike, umepita kwenye ini salama, na sasa umejipenyeza ndani ya chembe nyekundu ya damu. Mwongozo huu ni wa ukoo wa Plasmodium falciparum. Ndugu zenu wengine wa malaria hawajafika daraja hili la ufundi.

Una saa 48 hivi za kula himoglobini, kuzaana na kuipasua chembe. Mwanzoni zurura utakavyo, maana chembe yako bado inapinda. Lakini kadiri unavyonenepa inakakamaa, na huko mbele inakusubiri bandama. Ichukulie kama mgambo wa jiji asiyepokea chai: chembe ngumu ikishindwa kupenya kwenye vichochoro vyake, safari imekwisha. Basi usipite huko. Ganda.

Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala mitambo ya kusafirishia protini, hivyo itabidi uifunge mwenyewe, bila kibali cha mtu. Kisha inua vinundu juu ya utando wake na kusimika humo protini ya kunasia, PfEMP1. Hiyo ndiyo itakayoshika kuta za mishipa midogo.

Pa kushika kwenye ukuta wa mshipa, yaani kipokezi, ni hiari yako. CD36 ni ya wasio na makuu. EPCR ni ya wenye tamaa: mwaka 2013 watafiti waliochunguza vimelea vya watoto wa Tanzania waliihusisha na malaria kali. Mkijazana kwenye mishipa ya ubongo, damu inakwama, mtoto anapata degedege, anapoteza fahamu. Kwa mwenye mimba ya kwanza tumia aina ya PfEMP1 iitwayo VAR2CSA, ushike kondo la nyuma. Mimba zinazofuata wahi mapema. Mwili wake huwa umeshakujua.

Kingamwili zikikuzoea, usibishane nazo. Una jeni zipatazo 60 za kutengeneza PfEMP1 za aina mbalimbali: zima moja, washa nyingine. Ukiziwasha zote kwa mkupuo kwa kutaka sifa, utabaki huna pa kujificha.

Mkwepe aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu. Kwake vinundu hutoka kombo na protini haikai sawasawa.

Ukishaganda, cheka. Maabara watamtoboa mgonjwa kidole, watahesabu wadudu wachanga wachache wanaozurura, kumbe wakubwa mko ukutani na hamwonekani kwenye kioo.

Ila ikimbie sindano ya artesunate. Kwinini iliwavumilia wachanga; hii huwaua kabla hawajaganda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, kati ya waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesunate 8.5. Mgonjwa akiwahishwa hospitali na kuchomwa hiyo, mwongozo huu haukusaidii kitu.