Kila Baada ya Wiki Mbili Tunarudi kwenye A

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Moshi, na nina lalamiko moja tu: ukuta. Haya, nina mengine pia, lakini tuanze na ukuta.

Ukuta wa darasa langu umepakwa rangi kuliko uso wa bibi harusi. Mgeni wa kwanza alichora twiga. Wa pili akampaka twiga chokaa, akachora ramani ya dunia ambayo Zanzibar haimo. Wa tatu akaifuta dunia, akaweka simba. Sasa rangi inabanduka, na ukitazama vizuri utaiona shingo ya twiga ikichomoza katikati ya Bahari ya Hindi. Paa lililo juu ya ukuta huo linavuja vilevile kama lilivyovuja enzi za twiga. Hakuna anayepiga picha na paa.

Nawasema mavolontia. Mji wetu unawapata kwa wingi kwa sababu mlima uko hapa, mita 5,895, na ratiba yao naijua kuliko ratiba ya vipindi: wiki mbili kusaidia watoto wenye shida, wiki moja kupanda Kilimanjaro, kisha Zanzibar kupumzika. Kupumzika na nini, sijui. Mimi nina watoto arobaini na wawili, na hata Tanga sijafika.

Wengi hushuka Juni, kwa sababu kwao ni likizo. Tatizo ni kwamba Juni na kwetu ni likizo. Unadhani wanaambiwa? Mwenye shule anawapigia wazazi simu: leteni watoto, kuna programu maalumu. Basi watoto wanaitwa kutoka likizoni ili msaada usikose wa kusaidiwa, na mimi naitwa ili watoto wasikose wa kuwapeleka chooni.

Sikatai, wana moyo mzuri. Mmoja aliambiwa kwenye semina yao ya siku moja kwamba shikamoo ni salamu ya heshima. Akaingia darasani, akainama mbele ya bwana mdogo wa miaka minne, kamasi zinamchuruzika, akamwambia, “Shikamoo!” Darasa zima kimya. Bwana mdogo akavuta kamasi, akajiweka sawa, akaitikia kwa sauti nzito, “Marahaba, hujambo?” Tangu siku hiyo haniamkii hata mimi. Amepanda cheo.

Lakini kinachonichosha hasa ni herufi. Sisi tunaanza na irabu, a, e, i, o, u, halafu ba, be, bi, bo, bu, taratibu, mpaka siku mtoto anasoma “baba” mwenyewe na kushtuka kama ameona jini. Mgeni anafika na kadi zake za rangi: A ni epo. Herufi niliyowaambia ni “e”, yeye anaiita “i”. Niliyowaambia ni “i”, anaiita “ai”. Watoto wananigeukia na kunitazama kama mtu aliyewauzia simu feki. Siku kumi za masomo zinakwisha tukiwa kwenye M, mgeni huyoo, mlimani. Jumatatu anaingia mwingine na kadi zake: A ni epo. Z hatujawahi kuiona. Nadhani iko Zanzibar, ndiko wanakokwenda kuimalizia.

Na nani kamkabidhi darasa? Sisi wenyewe. Huko Uingereza, kabla mtu hajakaa na watoto wa shule, anachunguzwa kwanza kama ana rekodi ya jinai. Hapa binti wa miaka kumi na nane kakabidhiwa chaki kabla hajamaliza soda ya kukaribishwa. Mimi niliombwa cheti, barua ya mtendaji na wadhamini wawili.

Siwafukuzi. Mwaka 1968 Ivan Illich, padri, aliwaambia wazi vijana wa Kimarekani waliokwenda kujitolea Mexico: njooni mtembee, mpande milima, mjifunze, lakini kusaidia msije. Mimi siko mkali hivyo. Wale mavolontia wa Peace Corps, walioanza kufika Tanganyika mwaka 1961, hufundishwa Kiswahili kwanza, kisha hukaa miaka miwili. Miaka miwili! Hapo hata Z ungeifikia, ukarudi kuisalimia A kwa hiari yako.

Na yupo aliyenifaa. Mama mmoja mstaafu, hakuja na kadi wala brashi. Aliniuliza, “Mwalimu, kazi gani unaichukia?” Nikamwonyesha ndoo ya vikombe vya uji. Wiki mbili nzima aliosha vikombe, akachonga penseli, akafunga kamba za viatu. Kwa mara ya kwanza mwaka ule tulitoka kwenye ba tukaingia kwenye da. Hana picha hata moja ya kuonyesha kwao. Mikono yake ilikuwa na sabuni.

Wengine wote huaga Ijumaa ya pili. Mgeni analia, watoto wakubwa wanaimba kwa mazoea huku wanakagua mkoba kama pipi zimebaki. Wale wapya ndio hulia kweli, na Jumatatu wanashinda wamekodolea geti. Wa kuwabembeleza ni mimi, na mimi sina puto.

Juzi nilifika na mkoba mpya, nimenunua mnadani Memorial. Kabinti kamoja kakautazama, kakanitazama, midomo ikaanza kutetemeka.

“Madam, na wewe unaondoka lini?”

“Mimi siondoki.”

“Kwa nini?”

“Sina nauli.”

Kakanishika mkono, kakanipapasa kama mkubwa mwenzangu.

“Pole, madam.”