Mchunga kwenye ndoo, hata ghorofa ya nne

Mkazi wa Kariakoo, unasema huna shamba. Ndoo unayo? Basi tuhesabu kutoka sita hadi moja sababu za kuupandisha mchunga, ile mboga chungu ya majani, ngazi hadi kwenye roshani yako.

6. Ua lake ni familia nzima. Kale kaua ka njano unakokaruka kila siku kwenye kiwanja kisichojengwa si ua moja. Kila unachokiona kama petali ni ua kamili, na yote yamebanana juu ya kikonyo kimoja. Ndiyo kawaida ya ukoo wa alizeti, na mchunga, ambao wataalamu wa mimea huuita *Launaea cornuta*, umo humo pamoja na saladi. Kumbe si wapangaji wa Mtaa wa Swahili peke yao wanaojua kubanana!

5. Haudeki. Jua kali, udongo mbovu, mguu wa mpita njia: vyote unavivumilia. Wakulima wanauchukia kwa sababu jembe likiukata mzizi wake unaotambaa chini, vipande vinachipua upya. Wao walie, wewe shangilia, maana hicho kipande ndicho mbegu yako.

4. Kuupanda ni kazi ya dakika chache. Mwambie mama anayekuuzia mboga, "Mama, kesho niletee na wenye mizizi." Ukinunua kwake unakuwa na uhakika wa mmea. Mchunga hutoa utomvu mweupe, ila huo peke yake usikudanganye, kuna mimea ya sumu inayotoa utomvu kama huo. Toboa matundu chini ya ndoo ya lita 20, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha laza vipande vya mzizi vyenye urefu wa kidole na uvifukie kidogo tu. Weka panapopata jua. Mwagilia udongo ukikauka, usiufanye tope. Chuma majani machanga kabla ya maua, kwa kuwa ukichanua majani hukomaa na uchungu huzidi. Lakini shina moja liache lichanue, tafadhali. Nyuki wa mjini nao wanahitaji kula. Na usiuhamishie kwenye bustani ya shemeji: ukishatambaa humo, undugu utaingia majaribuni.

3. Utajua ulichokula. Hii kwangu ndiyo sababu nzito kuliko zote, ingawa nimeiweka ya tatu ili usikimbie mapema. Mwaka 1999 watafiti Bahemuka na Mubofu walichapisha utafiti wa mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, hapa Dar es Salaam, wakapima metali nzito ndani yake, ikiwemo risasi. Metali hizo haziondoki kwa kuoshwa, hata ukimaliza pipa la maji. Ndoo yako ina udongo uliouchagua mwenyewe na maji ya bombani kwako.

2. Bibi anausifu kwa tumbo na homa. Shikamoo bibi, tunakula. Ila homa ikipanda, twende Hospitali ya Mnazi Mmoja tukapime damu, na mchunga tutaukuta nyumbani.

1. Sufuria! Chemsha majani, mwaga maji ya kwanza, kamua. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchunga, kisha tui jepesi, na mwisho tui zito. Koroga taratibu lisikatike. Mgeni wa mboga hii achanganye na mchicha nusu kwa nusu, mwezi ujao ataomba mchunga mtupu. Anayeukataa mara nyingi alipikiwa bila nazi, na huyo ana haki ya kukata rufaa. Mkaribishe leo, ugali uwe wa moto, na usimwambie ni mboga gani mpaka aombe kuongezewa.