Jinsi ya Kukipa Kitambi Talaka Bila Kugombana na Shangazi

Kitambi huingia nyumbani kwa shangwe. Wageni hukisalimia kabla ya mwenye nyumba: "Mzee, mambo yako safi, umenawiri!" Pongezi hizo zipokee kwa adabu, kisha zisahau. Mafuta yaliyojazana ndani ya tumbo huzingira ini na utumbo, huvuruga sukari ya mwili, hupandisha presha, na anayebeba mzigo wote huo ni moyo. Basi azima futikamba ya fundi cherehani, izungushe tumboni, na usivute tumbo ndani. Futikamba haina mpango wa kukuoa. Mwanamume aliyefikisha sentimita 94, au mwanamke aliyefikisha 80, ameshaanza kuingia penye hatari.

Hapo wengi hukimbilia kununua raba. Raba ni nzuri, tutazifikia, lakini kesi ya kitambi haianzi miguuni. Waulizeni Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaotembea kutwa nzima wakiwinda, wakirina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya kupima nishati ambayo miili yao hutumia kwa siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, ilikaribiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini! Pontzer anaeleza kwamba mwili hubana matumizi: ukiutumikisha huku, unapunguza kule. Ndiyo maana mtu hukimbia jioni, akajipongeza kwa chipsi mayai na soda, halafu akalaumu mizani.

Talaka ya kitambi huandikwa mezani. Anza na vya kunywa, maana huko ndiko tunakoibiwa tukicheka. Soda ya nusu lita huwa na sukari ya takriban gramu 50, sawa na vijiko vya chai kumi na viwili hivi. Hakuna anayeweza kukoroga vijiko kumi na viwili kwenye kikombe mbele za watu, lakini kwenye chupa tunavishusha kwa mpigo mmoja. Chai nayo ipunguzie kijiko kimoja, ulimi uzoee, kisha kingine. Halafu geuza sahani: nusu iwe mchicha, matembele, kabichi au kachumbari, robo iwe maharage, samaki au dagaa, robo inayobaki ndiyo ya ugali au wali. Ndiyo, robo. Ule mlima wa ubwabwa wenye kipande cha nyama kileleni ni chakula cha watu wawili. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu, na chumvi ya siku nzima isivuke gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyojificha kwenye mkate na viungo vya pakiti.

Sasa shangazi. Atauliza kwa uchungu, "Mbona huli, mwanangu? Au mapishi yangu hayajanoga?" Usimhutubie habari za lehemu. Mwambie, "Yamenoga, shangazi, naomba uniongezee mchicha, na chapati nifungie nikale kesho." Amehudumia, umekula, heshima imebaki. Kumkatalia mtu aliyeamka alfajiri kukupikia ni ukatili, wala moyo hauhitaji ukatili huo.

Tuzivae raba sasa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alishinda amekaa. Konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya vidato kwa siku. Makonda walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na ulipowapata, haukuwaua haraka kama wenzao. Hiyo ndiyo faida ya miguu: hata mizani ikigoma, moyo unanufaika. Kwa hiyo shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako. Bodaboda ya kwenda dukani mtaa wa pili iache ipite. Tafuta angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba, na mara mbili kwa wiki ifanyishe misuli kazi nzito; ndoo ya maji inatosha.

Kabla ya mbio zozote, pima presha, hasa kama hujapima miaka mingi, kwa sababu haina tabia ya kubisha hodi. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi kituo cha afya ipimwe tena. Ukipewa dawa usiziache eti umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa sababu unazimeza. Na kifua kikibana ghafla, jasho likakutoka, maumivu yakapanda taya au mkono, usimtume mtoto dukani kuleta dawa ya gesi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na mtu mwingine ndiye aendeshe gari.