Sifa za Pancha na Jamaa Zake

Washairi wa Kiswahili wameusifu mnazi, jahazi na macho ya mpenzi. Huko Ulaya, Erasmus wa Rotterdam alichapisha mwaka 1511 kitabu kizima cha kuusifu ujinga. Koki inayovuja mpaka leo haina wakili. Pancha ya Jumatatu asubuhi, breka inayojikata mara tu pasi inapochomekwa, redieta inayofuka mvuke karibu na mizani ya Mpemba, bati la msauzi linalongoja mvua za Novemba ndipo lioneshe lilipopigwa msumari vibaya: zote hutukanwa Tunduma kila siku, na anayezitukana zaidi ni yule ambaye zinamfaa zaidi, yaani mwenye nyumba mwenye kagari kake. Hapa zinapata mtetezi. Hoja ya utetezi ni moja: kitu kizima huhodhi, kilichoharibika hugawa. Mashine ikiwa nzima, faida yake yote humwishia mwenyewe kimyakimya, na siri ya namna inavyofanya kazi hubaki imefungiwa ndani yake. Ikiharibika tu, fedha inatoka mfukoni, ujuzi unatoka gizani na majirani wanatoka ndani.

Ushahidi wa kwanza ni mji wenyewe. Tunduma ni mlango wa Zambia, na kwa kupitia Zambia ni mlango wa Kongo na nchi nyingine za kusini, kwa hiyo barabara kuu kutoka Dar es Salaam humwaga hapa malori usiku na mchana. Sasa lori zima lina faida gani kwa mji linaoupita? Dereva anaonesha karatasi zake, anagongewa mihuri, anaingia Nakonde upande wa Zambia, na kilichobaki Tunduma ni vumbi na moshi. Mwaka 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili na safari ziende haraka. Hapo ndipo mtu mwenye akili alipaswa kuiona thamani ya hitilafu, kwa maana serikali mbili zikiungana kupunguza kusimama, wa kulisimamisha lori anabaki kuwa gasketi. Lori lililokatika senta bolti halina haraka tena. Dereva na utingo wake wanalala gesti, wanakula kwa mama ntilie, wananunua vocha, wanamlipa kijana wa kuchomelea na mwenye duka la spea, na kama spea haipo wanalala tena. Ushuru wa forodha huenda hazina kuu. Ushuru wa hitilafu hulipwa papo hapo, mkono kwa mkono, kwa mtu aliyevaa ovaroli yenye grisi, na hakuna aliyewahi kumwomba msamaha wa kodi hiyo akakubaliwa.

Na malori yenyewe yalifikaje barabarani kwa wingi huo? Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita kwa walowezi wa kusini. Kazi ilikuwa kubwa na ya heshima, nami siitanii. Lakini kama ingefanya kazi miaka yote kama ilivyokusudiwa, Tunduma ingekuwa stesheni yenye benchi, saa ya ukutani na mwuza karanga. Badala yake vichwa vya treni vilichoka, mabehewa yakapungua, na katika mwaka wa fedha 2014/15 reli nzima haikufikisha hata tani 100,000. Mzigo ukapanda barabarani. Hitilafu moja kubwa ya shirika moja ikagawanyika kuwa maelfu ya hitilafu ndogondogo, kila moja na gereji yake, kila gereji na vijana wake wa spana, na kila kijana na kiwanja anachokitolea macho kule pembezoni mwa mji.

Anayetaka kuona kinyume chake aende Ndolezi, wilayani Mbozi. Pale kuna kitu kizima kuliko vyote mkoani Songwe: kimondo cha chuma na nikeli kinachokadiriwa kuwa na tani 12, kilichoandikwa katika vitabu vya wageni kuanzia mwaka 1930 ingawa wenyeji walikijua kabla ya hapo. Hakina bushi, hakina bolijointi, hakidai oili. Walioleta msumeno kukata kipande cha kupeleka maabara walitoka jasho saa nyingi kwa kipande kidogo tu. Na katika miaka yote hiyo kimeajiri mafundi wangapi? Kimepewa uzio, mlinzi na mtu wa kukata tiketi. Wanyiha waliokizunguka walikuwa wafua chuma mashuhuri, wenye matanuri yao ya kuyeyushia, lakini maisha yao yaliendeshwa na jembe, chuma kinacholika kwenye udongo, kinachopinda na kurudi kwa mhunzi kila msimu. Jembe lisilolika lingewafukuza wahunzi kijijini kwa kizazi kimoja.

Tuingie nyumbani, maana huko ndiko hitilafu inakoonewa zaidi. Nyumba nyingi za Songwe hujengwa kwa awamu: mahindi ya mwaka huu yanatoa msingi, kahawa ya mwaka kesho inafikisha lenta, bati linasubiri mwaka wenye bei nzuri. Hakuna mchoro wa mabomba wala wa nyaya. Mchoro upo kichwani mwa fundi, na fundi kahamia Sumbawanga. Mwenye nyumba anahamia kwake kwa shangwe, anaandaa pilau, halafu anaishi miezi kadhaa ndani ya jengo asilolijua hata kidogo. Anajua rangi yake na bei yake. Hajui maji yanapita ukuta upi kwenda bafuni, hajui kama chemba ya maji taka iko chini ya mwembe au chini ya karo, hajui ni breka ipi inayobeba sebule na ipi inayobeba pampu. Ujinga huo huponywa na bomba lililopasuka. Ukuta unapovimba na rangi kuanza kubanduka, ndipo fundi mpya anapogonga plasta kwa nyundo akisikiliza, anachimbua, na ramani ya nyumba inaandikwa upya mbele ya mwenyewe aliyeshika tochi. Floti ya simtanki iliyokwama, maji yakamwagika usiku kucha katika mji ambao watu huamka alfajiri kuyatafuta kwa madumu, hufundisha uchumi wa maji kwa ukali ambao hakuna semina iliyowahi kuufikia. Mpangaji hayajui haya. Yeye humwita mama mwenye nyumba, akarudi kulala. Hati ya kiwanja humfanya mtu kuwa mmiliki mbele ya halmashauri. Mbele ya nyumba yenyewe, umiliki huanza siku ile asipokuwepo wa kuitwa.

Gari nalo ni hivyo hivyo, labda zaidi. IST au Noah iliyotumika Japani hufika hapa ikiwa fumbo. Ukiwasha, kuna sauti ya dada inayosema jambo kwa Kijapani, kwa adabu sana, na dereva anaitikia kwa kichwa kama mgeni msibani. Kwa miaka miwili gari hilo halimwambii chochote anachokielewa. Halafu siku moja taa ya injini inawaka, kitu kinagonga upande wa kushoto, na kwa mara ya kwanza wanaelewana. Chini ya boneti kuna uhandisi uliowagharimu watu wa Nagoya miaka ya kusoma, na njia pekee ya uhandisi huo kuingia kichwani mwa kijana wa darasa la saba aliyeko chini ya mti kule mtaa wa Sogea ni kuharibika na kuletwa kwake. Magari mazima yanayopita Tunduma kwa magurudumu yao kwenda Zambia na Kongo hayamfundishi neno. Lile lililokwama humfundisha spana namba 10, 12 na 14, humfundisha kusikiliza, humfundisha hata hesabu. Serikali yenyewe imekiri hivyo: VETA, mamlaka yake ya ufundi stadi, huwapima mafundi waliojifunza kazi mtaani na kuwapa vyeti. Kwa lugha nyingine, hitilafu ni mwalimu mwenye wahitimu wanaotambuliwa, asiye na mshahara wala nyumba ya mwalimu.

Kuhusu ujirani niseme kwa ufupi. Juni na Julai, baridi ya nyanda za juu inapoua betri kuukuu alfajiri, gari lenye giaboksi otomatiki halisukumwi likawaka. Dawa yake ni betri ya jirani na waya za kubusti. Watu wawili waliokuwa wakivutana miezi sita juu ya mpaka wa uzio wanasimama boneti kwa boneti, mmoja akimpa mwenzake umeme. Na barabarani, pale sheria inapodai pembetatu ya kuakisi mwanga, wapita njia hukata matawi na kuyapanga kwenye lami kabla ya kona ili mwingine asiligonge gari la mtu wasiyemjua.

Hapo hapo ndipo pingamizi la kwanza linapouma, na sina ujanja wa kulikwepa. Nimesema hitilafu hugawa. Sikusema hugawa kwa haki. Pampu ikifa, ndoo zinakwenda kwa mama na watoto, na baba anakwenda kumtafuta fundi, utafutaji unaoanza saa kumi jioni, kupita kwenye vilabu vitatu, na kumalizika bila fundi. Hitilafu inayomsomesha mwenye nyumba humpunguzia binti yake saa ya kusoma. Wakili mwaminifu hulikubali shtaka hili na kuomba adhabu ipelekwe panapostahili: floti haikusema nani abebe ndoo. Pingamizi la pili, la gharama, ni jepesi zaidi. Wanasema mafundi ni matapeli, wanatoa spea nzima na kuingiza mbovu, wanasema “nakuja bosi, nimefika Majengo” wakiwa bado Vwawa. Ni kweli kwa baadhi yao. Lakini tazama kinachofuata: mwenye gari aliyetapeliwa mara moja huleta kistuli, hukaa kando ya fundi tangu boneti inapofunguliwa mpaka inapofungwa, na jioni anaondoka akiwa nusu fundi. Hakuna chuo kinachopata mahudhurio kama hayo. Wengine, wenye busara za kitabu, watasema ukifanya serivisi kila kilomita 5,000 na kukagua paa kabla ya masika, balaa lote hili linaepukika. Haliepukiki, linakaribishwa tu kwa miadi. Mtu wa serivisi ni yule anayeiita hitilafu ingali changa, saa anayotaka yeye, kwa bei ndogo. Ni mcha Mungu wa dini hii hii anayodhani ameiasi.

Pingamizi la tatu ndilo zito: hitilafu huua. Mteremko wa Senjele kwenye barabara hiyo hiyo kuu ya kutoka Dar es Salaam umeshuhudia malori yakishuka bila breki, na hapo utani unakoma. Ila ukichunguza lori la namna hiyo, mara nyingi utaona kwamba breki hazikuharibika mteremkoni. Zilikuwa mbovu tangu safari iliyopita, zikaendelea kukamata kwa tabu, zikamruhusu tajiri aseme bado zinafaa na dereva aseme Mungu yupo. Kilichoua ni ule uzima wa bandia, kitu kilichooza huku kikiendelea kufanya kazi. Waya ulioungwa kwa selotepu ndani ya dari la jipsamu nao hivyo hivyo: kwa miaka unawasha taa vizuri tu, hausemi, mpaka usiku unapounguza nyumba. Laiti vitu hivi vingeharibika kwa uwazi, palepale gereji, palepale kwenye breka inayojikata! Ninayoitetea ni hitilafu ya adabu, inayolisimamisha gari likiwa bado uani na watu wote wakiwa hai wa kulilaani. Breka inayojikata kila pasi ikichomekwa inatukanwa na familia nzima, na fundi umeme mwenye akili, akishaona waya uliopo nyuma yake, angeivulia kofia.

Limebaki swali la wenye hofu ya kesho. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, na wako watu Tunduma ambao habari hiyo imewaingia kama mgonjwa wao amepona bila kuwaaga. Mzigo ukirudi relini, gereji zitakula nini? Wapunguze wasiwasi. Reli iliyofufuka ina vichwa vipya, na kipya ni kichanga cha kuukuu; karakana ya reli ya Mpika itaanza kudai spea zake mapema. Mtandao wa malori hauhami kwa saini. Na hata siku ambayo foleni itapungua mpaka dereva avuke Nakonde kabla chai yake haijapoa, nyumba za Majengo na Sogea zitakuwa bado na mabomba yake yasiyo na ramani, na floti ya simtanki haijasoma makubaliano ya Beijing.